Mapacha wa Chumvi

4 Februari

Mdogo wangu,

Nyumba nzima inakusalimu, kuanzia Mama, ambaye goti lake limekubali kukunjika tena, hadi wifi yako, aliyeniagiza nikuulize kama unakula au bado unaishi kwa chai na biskuti. Mimi sijambo. Karakana imejaa mafriji mpaka natembea kwa ubavu. Joto la mwaka huu limeua kompresa nyingi, na msiba wa kompresa ndiyo riziki yangu.

Utashangaa ninakuandikia kwa kalamu wakati simu ipo. Simu ipo, lakini mwenye simu ni Chumvi. Ana miaka kumi na mitatu, namba yangu ya siri anaijua kuliko mimi, na kila ujumbe anausoma kabla haujanifikia. Yapo mambo nataka tuyaseme sisi wawili tu. Barua zako zilete kwa anwani ya karakana.

Sasa jambo lenyewe. Jumanne tulimpeleka hospitali wakamchukua kile kipande. Daktari wake wa kifua alikuwepo mwenyewe. Wanapitisha kifaa chembamba huko nyuma, wanabana utando wa utumbo kiasi cha punje ya mchele, basi. Dakika tano. Wanasema haiumi sana, lakini mtoto wa kike wa umri ule ana haya zake, na alitoka mle ndani hataki kunitazama. Njiani alisema neno moja tu, kwamba mtu akiuliza, tulikwenda kupimwa macho.

Kipande kikatiwa kwenye kichupa, kichupa kwenye boksi la barafu, boksi likapanda ndege kuja kwenye maabara yenu. Nililikagua. Kifuniko chake kina mpira uliochoka upande mmoja. Nikawaambia, wakanijibu, fundi, hili siyo friji.  Usiponiambia kuwa limefika salama nitaendelea kuuona ule mpira kila nikifumba macho.

Daktari amenieleza mara mbili na nimeelewa nusu. Dawa za ugonjwa wake siku hizi zipo, ila kosa alilozaliwa nalo Chumvi ni la nadra, halimo kwenye orodha ya makosa ambayo dawa hizo zinajulikana kuyasaidia. Bila ushahidi hawezi kumwombea. Ushahidi mnautengeneza ninyi huko. Nieleze basi, kama ninavyomweleza mteja asiyejua friji linapoozaje.

Mtoto anaendelea vizuri. Kifua ni kile kile.

Kaka yako


21 Februari

Kaka yangu,

Barua yako ilinikuta nafua, nikaisoma nimesimama na povu mikononi, ndiyo maana nusu yake sasa inanuka sabuni. Mwambie wifi nakula. Mwambie Mama hilo goti asilijaribu kwenye ngazi. Nimehamia chumba kingine. Dirisha linatazama ukuta, lakini ukuta wenyewe una rangi ya njano, kwa hiyo asubuhi nadanganyika kuwa kuna jua.

Boksi limefika. Ndani lilikuwa na nyuzi joto nne, kama inavyotakiwa. Usahau mpira.

Sasa nikueleze. Unakumbuka wifi alivyogundua kwamba mtoto ana kitu? Alimbusu shavuni akaonja chumvi, tukacheka, jina likamganda. Ugonjwa wenyewe ndio huo. Seli nyingi za mwili zina kimlango cha kupitisha chumvi. Chumvi ikipita, maji yanaifuata. Kwa Chumvi kimlango hakifunguki. Kwenye jasho chumvi inabaki juu ya ngozi, na kwenye kifua na utumbo maji hayatoki, makamasi yanakuwa mazito kama gundi, wadudu wanazaliana humo.

Katika ule utando mliotuletea zimo seli changa, zile zinazojua kujenga utumbo upya kila siku. Tumezichambua, tukaziweka kwenye jeli katika sahani ndogo, ndani ya kabati la joto, tunazilisha maji yenye virutubisho, na zimeanza kujijenga. Siyo zikae bapa kama doa, la. Zinajikunja zenyewe kuwa viduara vyenye uwazi katikati, na ukuta kama wa utumbo. Vinaitwa oganoidi, yaani viungo vidogo vya kuoteshwa. Kikubwa kuliko vyote hakifiki ukubwa wa chembe ya mchanga. Havina maumivu, havijui lolote. Ila kosa lake vinalo.

Vikiwa vingi, nadhani mwishoni mwa Machi, tutavitia kemikali ya kuviamsha. Viduara vya mtu mzima wa afya vinavimba kama puto ndani ya saa moja, kwa sababu mlango unafunguka na maji yanaingia. Vyake havitavimba. Hapo tunavipa dawa, tunaviamsha tena, tunaangalia. Vikivimba, dawa inafungua mlango wake. Ndio ushahidi anaoutaka daktari.

Jambo moja libaki kwetu. Kwenye kichupa hakuna jina, kuna namba tu, arobaini na moja. Nilimtambua kwa hospitali na tarehe. Kanuni ya hapa ni kwamba mtu hagusi sampuli ya ndugu yake, na Profesa, mkuu wetu, hajui kuwa huyu ni mtoto wa kaka yangu. Najua unavyowaza. Lakini kazi ya kuvilisha ni yangu, na nisingeweza kukaa benchi la pili nikitazama mikono ya mtu mwingine.

Nakwenda kuviona kila nikipata upenyo. Leo nimeviona mara sita.

Mdogo wako


12 Machi

Mdogo wangu,

Sisi tupo. Mama amepata miwani mipya na sasa anaona vumbi ambalo lilikuwepo siku zote, basi hatupumui. 

Nilimsomea Chumvi sehemu ya barua yako, nikaruka mambo ya kanuni. Akauliza kama hivyo viduara ni yeye au siyo yeye. Nikamwambia aulizwe shangazi. Akafikiri, akasema basi ni mapacha wake, wamechelewa tu kuzaliwa. Tangu siku hiyo kila asubuhi ananiuliza kama mapacha wamekula. Namjibu wamekula, na wanakula kuliko wewe.

Wifi yako hataki kusikia. Unajua alivyo. Tangu tulipomzika yule mtoto wetu wa kwanza, bila hata kujua kafa kwa ugonjwa gani, habari njema anazikimbia. Nikianza tu kueleza kuhusu jeli na milango, anainuka anaosha vyombo ambavyo tayari ni visafi.

Swali la fundi. Hilo kabati mnamowaweka, kama nimeelewa, ni friji lililogeuzwa: badala ya kutunza baridi linatunza joto. Mteja akija kwangu kulalamika, kitu cha kwanza ninachomuuliza ni nyumbani watu wangapi wanafungua mlango. Mara sita kwa siku ni nyingi, mdogo wangu. Nasema tu.

Daktari amenipigia mara mbili kuuliza majibu yanatoka lini. Ulisema mwishoni mwa mwezi huu. Chumvi amepungua kidogo, siyo sana. Shule tumempumzisha hizi wiki mbili.

Kaka


30 Aprili

Kaka,

Natumaini hamjambo wote. Mimi mzima. Huku mvua haikatiki na viatu vyangu havijakauka tangu wiki iliyopita.

Samahani kwa kuchelewa kujibu. Kazi ilikuwa nyingi. Nakuandikia kwa ufupi kwa sababu posta wanafunga. Kile kipande hakikutosha kwa kipimo. Itabidi kichukuliwe kingine. Profesa ameshamwandikia daktari wenu, atawaita. Mwambie Chumvi shangazi anaomba radhi sana kwa usumbufu.

Wasalimie.

Mdogo wako


9 Mei

Mdogo wangu,

Salamu zako zimetufikia, na samahani kwa karatasi, nimeandika kwenye nilichokipata.

Barua yako ina mistari saba. Nimeihesabu. Wewe ambaye ulijaza ukurasa mzima kunieleza dirisha na ukuta wa njano, umenipa mistari saba, na miwili ni ya viatu. Mwezi mzima na nusu nilikuwa nakwenda posta kila siku ya pili, mpaka yule dada wa dirishani akiniona anatikisa kichwa kabla sijafika.

Nilimwambia Chumvi kwamba atachukuliwa kipande kingine, kwa kuwa cha kwanza hakikutosha. Hakulia. Alinitazama akasema, "Baba, kipande hakipungui kikiwa njiani. Kama kilitosha kuondoka, kilitosha kufika." Kisha akageukia ukutani. Amekataa. Daktari alikuja kuzungumza naye, amekataa. Mama alikuja na maneno yake yote matamu, amekataa. Anasema hatalala tena vile mbele ya watu kwa ajili ya jambo ambalo hata wakubwa hawataki kumwambia.

Mimi nimekaa na mafriji miaka ishirini. Mteja akiniambia liliharibika lenyewe, huwa simbishii, namuuliza maswali madogo. Na wewe nakuuliza. Je, siku ya mwisho kuwaona wakiwa wazima ilikuwa tarehe ngapi? Na siku hiyo mlango ulifunguliwa mara ngapi?

Nijibu mimi, siyo daktari.

Kaka yako


20 Mei

Kaka yangu,

Leo sitakusalimia sana. Salamu nikizianza nitajificha humo.

Ilikuwa tarehe ishirini na sita Machi. Siku ile nilifungua mara tisa.

Tarehe ishirini na saba asubuhi nilikuta sahani yake imetanda nyuzi nyeupe, kama pamba iliyochambuliwa. Ukungu. Hewani umejaa, kwenye nywele, kwenye mikono ya koti, ndiyo maana tumefundishwa kufungua kwa sababu, kufanya la kufanya, kufunga. Sahani za watu wengine zilikuwa kwenye kabati hilo hilo, salama, hazijaguswa na mtu. Yake ndiyo iliyokuwa ikitoka na kurudi, ikitoka na kurudi, kwa sababu nilitaka kuona kama vimeongezeka tangu chai ya saa nne. Hakuna kipimo nilichokuwa nafanya. Nilikuwa naangalia tu.

Na kuna zaidi. Kila sampuli tunagandisha sehemu iwe akiba. Ya kwake sikugandisha. Niliona ni vichache, nikasema acha viongezeke kwanza, nikaahirisha Jumatatu hadi Alhamisi, Alhamisi hadi wiki nyingine. Kwa mgonjwa mwingine nisingeahirisha hata saa moja.

Mwezi ule nilikuandikia barua nne. Zote ninazo, hazijatumwa. Katika moja nilisema umeme ulikatika. Nilipofika posta nikakumbuka kuwa ninamwandikia mtu ambaye angeuliza jenereta liko wapi.

Profesa bado anaamini ni ajali ya kawaida. Kesho saa tatu nitaingia ofisini kwake nimweleze yote, na kwamba ni mtoto wa kaka yangu. Wakinifukuza, wamenifukuza. Sampuli ya pili siigusi.

Sasa na mimi nakuuliza. Nyuma ya ukurasa wako kuna jedwali limepigwa chapa. Lina safu ya oksijeni, ya mapigo ya moyo, na nafasi ya sahihi ya muuguzi. Umesema pia daktari alikuja kuzungumza naye, hukusema mlikwenda. Hiyo ni karatasi ya wodini, kaka. Mtoto yuko wapi?

Mdogo wako


6 Juni

Mdogo wangu,

Umeniuliza, nakujibu. Yuko wodini tangu tarehe kumi na nane Aprili. Chumba cha mwisho, kitanda cha dirishani. Ana mpira wa oksijeni puani na sindano ya dawa mkononi, mkono umevimba wamehamishia wa pili. Uzito umeshuka mpaka pete ya bibi yake inazunguka kwenye kidole gumba. Sikukuambia kwa sababu nilijua ukisikia mikono itakutetemeka juu ya sahani. Kumbe sahani ilikuwa imeshakufa siku nyingi. Mimi nakuficha mtoto, wewe unanificha mapacha. Tumelelewa pamoja, ndiyo hivyo.

Nisikudanganye, nilikasirika. Nilikwenda karakana, nikachukua friji ambalo halikuwa na ubovu wowote, nikalifungua lote, mpaka skrubu ya mwisho. Lilinichukua siku mbili kulirudisha. Mwenyewe alipokuja nikamwambia nilikuwa nalifanyia usafi.

Kisha nikawaza nimwambie nini mtoto. Nikaona nimechoka kutunga. Nikaichukua barua yako hadi kitandani nikamsomea yote, neno kwa neno, na zile mara tisa, na ile akiba. Wifi yako alikuwa amekaa upande wa pili akimkanda miguu.  Nilipomaliza Chumvi alikuwa akitazama dari. Mara mabega yakaanza kutikisika, nikadhani analia, kumbe anacheka, anacheka mpaka muuguzi akaja kumkalisha.

Alipopata pumzi akasema, "Kwa hiyo shangazi kawaua kwa kuwaangalia?"

Nikasema ndiyo, inaelekea hivyo.

"Basi wakate tena. Lakini safari hii wampe mtu asiyenijua."

Waliochukua walikuwa wawili tu, daktari wake na muuguzi mmoja, wote wanawake, na mlango ukafungwa. Hilo alilidai mwenyewe, akapewa. Wifi yako alimshika mkono. Kichupa kimeondoka Jumatano.

Wifi yako ameniambia nikuandikie hivi, na nayaandika kama alivyoyatamka: "Mwambie simkasirikii. Hasira itanichosha, na mimi nina kazi." Sijui kama amekusamehe au amekuweka kando. Mimi mwenyewe siwezi kusema nimesamehe. Naweza kusema bado naandika.

Daktari hasemi miezi tena. Anasema tuone wiki hii, halafu tuone ijayo.

Kaka


19 Julai

Kaka yangu,

Barua yako ya mwisho ni ya tarehe sita Juni. Tangu hapo kimya. Simu ninayo mkononi na sijathubutu. Kila ikilia naangalia namba, siyo ninyi, nakaa chini. Nimeamua niandike kana kwamba yupo, kwa sababu namna nyingine ya kuandika sina.

Nilimweleza Profesa. Hakupandisha sauti. Alivua miwani, akaifuta, akaniuliza sampuli ya mgonjwa nisiyemjua huwa nafungua mara ngapi. Nikasema mara moja kila siku mbili, kuibadilishia maji. Akasema, "Basi kuanzia leo huyu humjui." Nimepewa onyo la maandishi na nimehamishiwa chumba cha kuoshea vyombo. Naosha chupa za watu. Wifi atanielewa.

Namba arobaini na moja sasa ni sitini na tatu. Alipewa mwenzetu mmoja tunayemwita Kimya, maana anaweza kumaliza wiki kwa maneno kumi. Wiki ya kwanza tu aligandisha akiba, vichupa vinane. Niliona namba kwenye daftari la friji. Yeye hakuniambia, na mimi sikumuuliza.

Kipimo kilikuwa jana. Nilikuwa korido, nimeshika ndoo, najifanya napita. Nimepita mara nyingi sana. Saa sita na robo Kimya akafungua mlango akanitazama, akasema, "Profesa amesema uje uone. Usiguse kitu."

Wanapiga picha kila dakika kumi, zinaonekana kwenye kompyuta. Mstari wa juu ni viduara vyake bila dawa. Tumeviamsha, na saa nzima vimekaa vile vile, vidogo, vimejikunyata. Mstari wa pili ni dawa ya kwanza. Hakuna kitu.  Mstari wa tatu, dawa ya pili, peke yake. Kuna kitu kidogo, kidogo mno, Profesa akasema hicho tusikihesabu. Mstari wa nne ni zote mbili kwa pamoja. Picha ya kwanza, hakuna. Ya pili, hakuna. Ya tatu, ukuta umeanza kuwa mwembamba. Ya nne vimeanza kujaa, ya tano vinang'aa, na ya sita vilikuwa vimevimba vyote, vimebanana, viwili vimepasuka. Kimya akasema, "Vimepasuka." Akasema tena. Profesa akaamuru virudiwe kwa sahani nyingine, na nyingine. Tatu zote zimejibu hivyo hivyo.

Havivimbi kama vya mtu mzima wa afya. Vinafika kama nusu. Na sahani siyo mtoto: viduara havina kifua kilichoumizwa miaka kumi na mitatu, havina homa, havina uchovu. Kilichopona hapa ni mlango tu. Ripoti ameisaini Profesa na imetumwa kwa daktari wenu jana hiyo hiyo. Daktari atawaandikia watengenezaji wa dawa, kuna njia ya kumwombea mgonjwa mmoja.

Nimeiambia karatasi yote hii. Sasa niambie kama nimechelewa.

Mdogo wako


14 Septemba

Mdogo wangu,

Hukuchelewa. Nisamehe kwa kimya cha tangu Juni. Kila nilipoanza barua niliona kama naandika tangazo la msiba, nikaichana. Siku moja katikati ya Julai walituita mimi na wifi yako kwenye kile chumba kidogo chenye viti viwili na kisanduku cha karatasi za kupangusia machozi, na daktari akatuambia tuwaite ndugu walio karibu. Nilimwita Mama. Wewe sikukuita. Nilijua usingewahi, na sikutaka habari ikukute kwenye ndege.

Ripoti iliingia siku nne baada ya hapo. Daktari alikuja nayo wodini anatembea haraka, na yeye si mtu wa kutembea haraka. Akatuwekea zile picha kitandani. Chumvi hakuwa na nguvu ya kushika karatasi, nikamshikia. Alitazama mstari wa nne muda mrefu, kisha akauliza kwa sauti ya puani, "Wamepasuka kweli?" Nikasema wawili. Akasema, "Wana fujo."

Maombi yakaenda, yakarudi wanataka saini nyingine, yakaenda tena. Wiki tano, mdogo wangu. Nilitengeneza friji la wodi, la jikoni, la maabara yao, na la muuguzi mkuu nyumbani kwake, ili tu nisikae. Dawa ilifika tarehe ishirini na sita Agosti. Vidonge vya kawaida kabisa, vya rangi ya machungwa, dawa zote mbili ndani ya kimoja. Wifi yako alikipokea kile cha kwanza kiganjani, akakitazama kama mtu aliyeuziwa kitu kidogo kuliko alivyotarajia.

Alikimeza saa tatu asubuhi. Saa nane mchana akaanza kukohoa, nikasema basi, ndiyo imemdhuru. Lakini kilichotoka hakikuwa kama zamani. Kilikuwa chepesi, na kingi, mabeseni na mabeseni, mpaka jioni. Daktari alisimama mlangoni akasema mwacheni atoe. Mpira wa oksijeni waliuondoa siku ya nne. Siku ya tisa wakaturuhusu.

Nataka nikueleze asubuhi ya jana.

Niliamka kumeshakucha. Nikabaki nimelala, nasikiliza. Unajua ukuta wetu na chumba chake ni mbao. Miaka yote hii kikohozi chake ndicho kinachotuamsha. Jana hapakuwa na kitu. Hata pumzi. Nikageuka, nikakuta wifi yako naye yuko macho, ameyatumbua, hajitikisi. Sijui alikuwa amesikiliza kwa muda gani. Tulitazamana hivyo, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuinuka, kwa sababu maadamu hatujainuka, hakuna kilichotokea.

Mwisho akasema, "Nenda wewe."

Nikasema, "Twende wote."

Tukaenda, amenishika shati nyuma. Mlango wake haufungwi, nikausukuma. Alikuwa amelala chali, mto umeanguka chini, mikono imetupwa huku na huku, mdomo wazi. Mtoto huyu hajawahi kulala chali, hulala ameketi, mito mitatu mgongoni. Nilisimama pale mlangoni. Wifi yako akanipita. Akapiga magoti, akainama mpaka shavu lake likakaribia kugusa mdomo wa mtoto, akabaki hivyo hivyo, na mimi sioni uso wake, naona mgongo tu.

Ndipo nikasikia sauti ya usingizi, nzito, ya kuudhika:

"Mama, mbona unanipumulia?"

Wifi yako alikaa pale pale sakafuni, akaegemea kitanda, akajifunika uso kwa kanga. Chumvi akavuta shuka, akageukia ukutani, akalala tena. Nilimletea wifi yako chai, ikapoa. Nikamletea nyingine.

Daktari anasema tusiseme neno mpaka miezi mitatu ipite. Kifua kina makovu, na makovu hayaondoki kwa kidonge. Kwa hiyo hatusemi. Nimekuandikia wewe tu.

Kaka yako